Nililipa laki tatu na sitini kuambiwa kama miti yangu itafika

Naanza na alama ili mwenye haraka aende zake: nyota tatu kati ya tano, kwa kampuni inayopima mashamba ya miti na kukadiria kwa asilimia kama yatafika umri wa kuvunwa. Mbili ni za kijana aliyekuja kulikanyaga shamba kwa miguu yake, moja ni ya ramani ya mpaka. Ile asilimia waliyoniuzia, ambayo ndiyo hasa iliyonitoa hela mfukoni, haikupata kitu.

Jina la kampuni nalihifadhi. Nina lawama nao moja ambayo bado tunaizungumza, na sitaki kumharibia mtu riziki kabla hatujaimaliza. Wenye mashamba wilaya ya Mufindi, Iringa, watawatambua tu.

Mimi ni nesi, nakaa Dodoma. Shamba langu la miti liko nje ya Mafinga, upande wa barabara ya Mgololo, ekari 18 za misindano (paina) tulizopanda na marehemu mume wangu mvua za 2013 kuingia 2014, nafasi mita 3 kwa 3. Ukipiga hesabu ya nafasi hiyo unapata kama miti 450 kwa ekari. Mtu wa Dodoma hawezi kulinda miti 8,000 iliyoko Mufindi. Naenda mara mbili kwa mwaka, napita Mtera, nalala Iringa kwa shangazi, kesho yake napanda Mafinga, halafu bodaboda. Siku zote nyingine shamba liko mikononi mwa mzee mmoja mwenyeji ninayemlipa kila mwezi, na mikononi mwa Mungu.

Mwishoni mwa 2024 alinipigia mnunuzi. Alitaka kuchukua yote, milioni 3 na nusu kwa ekari, pesa taslimu. Nikamwambia miti bado michanga. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mama, uza wewe, la sivyo watauza wengine." Mpaka leo sijajua kama ule ulikuwa ushauri au salamu. Ila usingizi uliniruka.

Msio na miti mjue kwa nini swali hili linauma. Msindano huhesabiwa kukomaa kwa mbao kati ya miaka 18 na 25. Ukiuza wa miaka 10 au 11 unapata mbao za inchi mbili kwa nne na magogo membamba ya kumenya kwa plaiwudi. Ukisubiri unapata mbili kwa sita na mbao pana, na bei ya mti mmoja inapanda mara kadhaa, maana mti unenepapo kidogo, mbao zake zinaongezeka sana. Kusubiri kunalipa. Kusubiri pia kunampa mwizi miaka saba zaidi ya kujipanga. Nilitaka mtu anitajie upande upi ni mzito.

Ndipo nikasikia kwamba kuna vijana Mafinga wanatabiri. Ofisi yao iko juu ya duka la pembejeo, ngazi zake za chuma zinatikisika, na ndani kuna meza mbili, kompyuta mbili, na ramani ya wilaya ukuta mzima. Bei shilingi 20,000 kwa ekari, kwangu 360,000. Kwa pesa hiyo wanapima mpaka, wanapima miti kwa sampuli, wanakuandalia ripoti yenye makadirio ya uhai wa shamba mpaka mwaka unaoutaka, na kwa mwaka mmoja wanakutumia ujumbe wa simu kila setilaiti ikiona mabadiliko ndani ya shamba au karibu nalo.

Nitasema mazuri kwanza, kwa sababu ni ya kweli.

Kijana aliyekuja shambani, mhitimu wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), alifanya kazi siku mbili na mvua inanyesha. Sikutegemea. Nilidhani atasimama barabarani, aangalie simu, aondoke. Alizunguka mpaka wote na mzee wangu, kila kona akiweka alama, na pale jirani alipokuwa ametuingilia mistari miwili akatuonyesha. Alipima unene wa miti kifuani, yaani mita 1.3 kutoka chini, miti zaidi ya mia mbili, akiandika kwenye daftari lililofungwa nailoni. Lakini kilichonivutia ni maswali yake kwa mzee. Hakuuliza kuhusu wezi. Aliuliza njia ya kwenda msibani inapita wapi. Ulanzi (pombe ya mianzi) unauzwa kwa nani, na watu wakitoka kilabuni wanakatiza wapi usiku. Dingdong ya karibu iko wapi sasa hivi, na ya nani. Nani kauza miti mwaka huu, nani ana mpango wa kuuza.

Kwa asiyejua, dingdong ni ile mashine ya kupasulia mbao inayohamishwa, sahani la msumeno, injini, na vijana watano sita wenye vumbi mpaka kwenye kope. Inafuata miti ilipo. Inakula sana mbao kwa kuzigeuza unga, wataalamu wanailalamikia kwa hilo, ila bila hiyo mbao nyingi za wakulima wadogo wa Nyanda za Juu Kusini zisingefika sokoni. Sasa fikiria: mwizi wa miti tatizo lake si kukata. Chenso, ule msumeno wa injini, inaangusha msindano kwa dakika mbili. Tatizo lake ni gogo kuubwa lililolala chini, lisilobebeka, linalomtaja. Anahitaji kuligeuza mbao upesi, na anahitaji njia ya lori la Fuso. Kijana alilijua hilo. Mzee wangu akaniambia jioni, "Huyu mwanangu amelelewa porini," na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Ripoti ilikuja wiki tatu baadaye, Machi 2025, kurasa tisa zenye rangi. Shamba limegawanywa vipande vitatu. Kipande A, ekari 8 za barabarani: uwezekano wa kufika miaka 18 ni asilimia 48. Kipande B, ekari 6 za katikati: 65. Kipande C, ekari 4 za bondeni kando ya kijito: 81.

Nilikaa na namba hizo zamu nzima ya usiku. Kisha nikatoa simu nikazidisha 0.9 mara saba: 0.478. Nikazidisha 0.94 mara saba: 0.648. Halafu 0.97: 0.808. Kumbe ndiyo siri yote. Wamekadiria kwamba kila mwaka kipande A kina hatari ya 10 kwa 100, B 6, C 3, wakazungusha miaka saba. Sina ugomvi na kuzidisha. Ugomvi wangu ni kwamba hatari ya mwaka wa kumi na moja wameifanya sawasawa na ya mwaka wa kumi na saba, kana kwamba mwizi hana macho. Moto ndio usiojali unene, tena moto kichaa wa Septemba na Oktoba huupenda zaidi msindano mchanga wenye matawi ya chini. Mwizi anachagua. Kila mwaka ninaosubiri ili mti uwe na thamani kwangu, unapata thamani kwake pia. Mstari wa hatari unatakiwa upande, usilale.

Nikampigia yule kijana. Akakubali bila kujitetea, nikampenda zaidi. Akasema hawana kumbukumbu za kutosha za miti mikubwa iliyoibwa vijijini, kwa sababu miti mikubwa ya vijijini yenyewe ni michache, watu wanauza mapema. Na wanauza mapema kwa nini? Kwa kuogopa wezi, moto na ada za shule. Akanitajia Mjerumani mmoja, Faustmann, aliyeandika mwaka 1849 jinsi ya kupiga hesabu ya msitu na kujua umri wa kuuvuna, akanieleza kwamba hatari ya kupoteza shamba ni kama riba ya ziada: kama pesa yako ingekuletea 10 kwa mwaka na hatari ni 6, fanya hesabu kana kwamba riba ni 16, na tarehe ya kuvuna inarudi nyuma. Kwa hiyo mwizi ambaye hajaja bado ameshakula miaka yako. Hii nimeielewa haraka, maana mume wangu angekuwepo angeniambia hivyohivyo bila Mjerumani.

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ni eneo langu.

Kijana aliniambia njia wanayotumia imetoka hospitali. Nikacheka, lakini ni kweli, na ni ileile tunayoiona kwenye tafiti za wagonjwa: unawafuatilia watu kwa muda, unaandika aliyefariki lini, na unachora ngazi inayoshuka. Kaplan na Meier waliiandika 1958. Ugumu wake ni wagonjwa wanaotoka kabla ya utafiti kwisha. Mgonjwa akihamia mkoa mwingine, huwezi kumwandika amekufa, na huwezi kumwandika ameishi miaka mitano. Unamhesabu mpaka siku uliyomwona mara ya mwisho, basi. Ukimwandika maiti, dawa inaonekana mbaya kuliko ilivyo. Ukimwandika ameishi miaka yote, umedanganya kwa upande mwingine.

Sasa njoo kwenye miti. Shamba la jirani mwenye shida ya ada, aliyeuza akiwa na miaka 9, ni mgonjwa aliyehama. Hakuibiwa. Lakini juu angani setilaiti inaona tu kwamba palikuwa na kijani na sasa pana udongo. Haijui nani alishika chenso, mwenye shamba au mwizi, wala haijui kibali. Nikamuuliza kijana: katika mashamba mliyojifunzia, mlitofautishaje waliovuna na walioibiwa? Kimya kidogo. Kisha: "Sista, kwa baadhi tulipiga simu." Na wengine? Wengine waliwaweka wote kwenye kundi la waliopotea.

Maana yake kipande changu cha barabarani kimepewa 48 kwa sehemu kwa sababu watu wenye mashamba ya barabarani huuza mapema, maana wanunuzi wanawafikia kirahisi. Hiyo si hatari. Hilo ni soko. Walichanganya waliohama na waliofariki, wakaniletea takwimu za vifo.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuiweka ripoti kabatini. Sikuiweka. Nilimpigia mzee nikamwambia, "Baba, wataalamu wanasema hatari iko barabarani. Zunguka huko zaidi, bondeni pako salama." Akanijibu, "Haya, mama." Kama alikuwa na neno jingine, alilimeza kwa heshima ya kurasa zenye rangi.

Nizungumzie setilaiti, kwa sababu wengi mtaiuliza. Sehemu kubwa ya wanachokiona hawa vijana unaweza kukiona mwenyewe bure kwenye Global Forest Watch, tovuti ya kufuatilia misitu duniani, na ipo programu yake ya simu, Forest Watcher, inayofanya kazi hata pasipo mtandao. Nimeitumia, ni nzuri kwa inachokifanya. Lakini jua kinachoangaliwa. Picha za setilaiti za Landsat zimeundwa kwa vigae vya mita 30 kwa 30. Kigae kimoja ni mita za mraba 900, na kwa nafasi yangu ya 3 kwa 3 ndani yake kuna miti mia moja. Mwizi akichukua kumi, tisini inafunika pengo kwa matawi, na kigae kinabaki kijani. Setilaiti nyingine, Sentinel-2, ina vigae vya mita 10, kama miti kumi na moja hivi, hapo nafuu, ila haioni kupitia mawingu, na Mufindi kuanzia Novemba mpaka Aprili ni mvua na ukungu. Hivyo mashine hizi zinamkamata yule anayefyeka ekari nzima. Mwizi wa kijijini hafyeki ekari nzima. Anaingia ndani, anaacha mistari mitatu minne ya nje kama pazia, anachagua minene. Ukipita barabarani unaona shamba limesimama. Setilaiti nayo inapita barabara yake, inaona hivyohivyo.

Agosti simu yangu ikaita kwa mara ya kwanza. Ujumbe: mabadiliko yamegunduliwa, mita 140 kutoka mpaka wa kipande C, nje ya shamba. Nilikuwa nimeshika zamu ya usiku, nikausoma korido, nikaelewa mara moja. Jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, mwalimu anayeishi Mbeya, alishaniambia anauza misindano yake. Basi anavuna. Halali yake. Nikaufuta ujumbe.

Wiki tatu baadaye mzee akapiga. Hakusalimia hata "kamwene", nikajua.

"Nesi, bondeni kuna visiki."

Nilifika baada ya siku nne. Visiki 47, nimevihesabu mwenyewe, utomvu bado unanata. Vyote ndani, pazia la nje limeachwa safi. Na walivyochagua! Mimi kwa miaka nilikuwa naahirisha kupunguzia shamba, kwa sababu bei ya miti membamba haikunishawishi. Mtaalamu akipunguzia huondoa iliyopinda na iliyodumaa ili minene ipate nafasi. Hawa wamenipunguzia kinyume, wamebeba minene iliyonyooka, wameniachia vilema.

Njia waliyopita ndiyo somo la ukaguzi huu wote. Mnunuzi wa mwalimu hakuwa na barabara ya kufika bondeni. Basi akafungua moja kwa trekta, akalaza magogo juu ya kijito kama daraja, akaweka dingdong yake palepale ng'ambo, mita mia na kitu kutoka kwangu, kwa wiki mbili. Kipande C kilipata asilimia 81 kwa sababu moja kubwa: kiko mbali na barabara. Kwenye ramani yao bado kiko mbali. Ardhini kilikuwa mbali mpaka Agosti, kisha ndani ya siku mbili kikawa karibu kuliko kipande A. Chenso ipo, dingdong ipo, Fuso inaingia, kibali cha kusafirisha mzigo kipo kwa jina la shamba jingine, na mbao ikishapasuliwa haina jina la mwenye shamba. Wale vijana wa dingdong hawakuhitaji kupanga wizi. Walihitaji kuvuka kijito tu.

Na mlinzi wangu alikuwa barabarani, nilikompeleka mimi.

Kipande A, chenye 48, hakijaguswa hata mti.

Nimelifikiria sana hili. Mtabiri wa mvua hana shida hii: mvua haisomi utabiri, na wewe ukitoka na mwavuli huihamishi ikanyeshe kwa jirani. Huku, namba ikishatoka inamhamisha mlinzi, na mlinzi akihama namba imekufa siku hiyohiyo. Ripoti ilitakiwa iniambie hatari ya kila kipande endapo mzee yuko pale, na endapo hayuko. Hakuna ukurasa wa namna hiyo. Nimewaambia, wameandika.

Sasa kioja. Kwa tafsiri yao, iliyoko ukurasa wa pili kwa herufi ndogo, kipande "kimepotea" kikipoteza zaidi ya robo ya miti. C kilikuwa na miti kama 1,800. Arobaini na saba haifiki hata 3 kwa 100. Kwa hiyo kitakwimu kipande changu ni kizima, na utabiri wao haujakosea. Kijana aliponieleza hilo alikuwa na aibu kidogo usoni. Nilimwambia hata sisi tuna wagonjwa ambao kwenye karatasi ni wazima.

Haki yao nyingine ni hii. Nilipokwenda polisi kuchukua RB (namba ya taarifa ya kesi) niliulizwa swali la kwanza: una uthibitisho gani kwamba visiki hivyo viko kwako? Nilikuwa na karatasi ya mauziano ya 2012 inayosema "kutoka kwenye mti mkubwa hadi kijito". Mti mkubwa wenyewe ulishaanguka. Kilichoniokoa ni ramani ya mpaka waliyoichora vijana, yenye alama za kila kona, sahihi ya mzee, na sahihi ya jirani aliyekuwepo siku ile. Mtendaji wa kijiji aliikubali palepale. Akawaita watu wa yule mnunuzi, msimamizi wao akasema vijana "walipitiliza mpaka bila kujua", maneno ambayo kila mwenye shamba Mufindi ameyasikia. Tulibishana kwa saa tatu kwenye benchi. Wakalipa miti 20 kwa shilingi 8,000, laki moja na sitini. Ile 27 mingine, msimamizi alisema, haijui. Nilipokea kwa sababu Jumatatu nilikuwa na zamu.

Kwa hiyo ukiangalia vizuri, kile nilichokuwa nadhani ni maandalizi tu, yaani kuzunguka na kamba na kuweka alama, kimenirudishia karibu nusu ya nilicholipa. Na kile nilicholipia, yaani utabiri, kimenigharimu.

Lawama yangu iliyobaki ni ya ramani yao na ujumbe wa simu. Ramani ya barabara waliyotumia ni ya zamani, na mkataba hausemi wataiboresha lini. Nimeomba warudie makadirio ya C bure. Wao wanasema kurudi shambani ni gharama, watapunguza nusu. Bado tunavutana. Ila ujumbe wenyewe, nikisema ukweli, ulifika kwa wakati. Mita 140 nje ya mpaka wangu, wiki tatu kabla. Ndio utabiri pekee uliokuwa sahihi katika mkataba mzima na ulikaa kwenye simu yangu labda sekunde kumi. Wao waliutuma kama taarifa ya kitu kilichotokea nje, mimi nikausoma hivyohivyo. Kama ungesema tu, "Jirani yako anavuna, mlinzi ashuke bondeni", ningempigia mzee kabla sijamaliza korido. Kwa hiyo lawama ya hapo tumegawana.

Ni nani anunue? Kama una ekari mbili tatu na unalala hapohapo kijijini, usipoteze pesa, unajua zaidi ya setilaiti. Kama uko Dar, Dodoma au nje ya nchi, na karatasi zako ni kama zangu za "mti mkubwa", lipia upimaji wa mpaka na siku mbili za yule kijana, halafu waambie ripoti ya asilimia wakupe bila kuikuza kwa rangi. Mna kikundi cha wakulima wa miti kijijini kwenu? Jiungeni mlipe pamoja, maana hatari haiji kwa shamba moja, inakuja na barabara, na barabara ni ya wote. Mashamba ya serikali kama Sao Hill, yenye eneo la hekta zaidi ya 135,000, yana askari, mageti na magari. Sisi tuna mzee, panga na redio.

Na mtu mwenye miti ya miaka 7 au 8 asidanganywe kwamba bado haijafika umri wa kuibwa. Hayo yalikuwa ya zamani, kabla ya viwanda vya kumenya magogo kuja Mafinga na Njombe. Zamani gogo jembamba halikuwa na mnunuzi wa maana. Siku hizi linamenywa kama kitunguu, linakuwa karatasi za mbao za kutengenezea plaiwudi. Mashine hizo zimetupa soko sisi wenye haraka, na zimempa soko asiye na shamba. Nilipowauliza kama makadirio yao yanatumia mashamba ya kabla ya viwanda hivyo, walisema mengi ndiyo. Basi hapo napo msiyaamini yote.

Mimi nimeamua hivi. Kipande A nakiuza mwaka kesho, kikiwa na miaka 12, si kwa sababu ya 48 yao bali kwa sababu kijana wangu anaingia chuo. B nakisubirisha. C nimekipunguzia kilichobaki, yaani vilema, ili iliyonyooka michache ipumue.

Mzee naye nimempandisha cheo. Nimemnunulia simu ndogo ya tochi, na tumekubaliana: akisikia trekta upande wowote, hata kama si kwetu, ananiandikia, na kila ujumbe ni shilingi 1,000 ya vocha, uwe wa kweli au wa uongo. Hajui sana kuandika, anaandika kwa herufi kubwa tupu. Jumapili iliyopita nikiwa kanisani simu ikatetemeka: "NESI TREKTA. MASHARIKI. LA KANISA LIMELETA MCHANGA." Nikamtumia elfu yake kabla ya sadaka.